Maswali ya Wasomaji: Mwarabu Mtu Mzima na Lugha ya Kifini

Safu hii hujibu barua za wasomaji kuhusu lugha na maisha ya ugenini. Safari hii tumepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wanaoishi Ufini, au wenye jamaa huko, na zote zinauliza jinsi Waarabu wanaohamia nchi hiyo wakiwa watu wazima wanavyojifunza Kifini. Tumeona ni vyema tuzijibu pamoja.

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Vantaa na mume wangu, ambaye ni Mwiraki wa Baghdad. Alifika Ufini mwaka 2015 pamoja na lile wimbi kubwa la wakimbizi, akiwa mtu mzima mwenye kazi yake. Kozi amesoma, madaftari yamejaa, na mazoezi ya sarufi anayafanya vizuri. Hata hivyo akiwa dukani hubabaika sana, na shule ya watoto ikipiga simu hunipa mimi niongee. Ndugu zake wamekata kauli kwamba Kifini hakiingii katika kichwa cha Mwarabu aliyekwisha vuka miaka thelathini. Je, kuna ukweli?
Mama Watatu, Vantaa

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na hao ndugu, kwa sababu kauli yao inavunja moyo na haina msingi. Jambo ambalo mtu mzima humwachia mtoto ni matamshi, maana lafudhi ya lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi haifichiki. Katika sarufi na msamiati, mtu mzima aliyepitia shule humtangulia mtoto katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa amezoea kusoma, anajua kutumia kamusi, na akielezwa kanuni huishika. Mtoto humpita baadaye kwa sababu hushinda na Wafini kutwa nzima, darasani na uwanjani, wakati baba yake yuko jikoni mwa mkahawa au katika kazi ya usafi pamoja na Waarabu na Wakurdi wenzake. Ndugu hao walinganishe saa ambazo kila mmoja anazisikia za Kifini, wasilinganishe vichwa.

Kumbuka pia namna mumeo na wenzake walivyoanza. Mwaka 2015 Ufini ilipokea maombi ya hifadhi zaidi ya 32,000, na karibu theluthi mbili ya waombaji walitoka Iraki, ilhali miaka iliyotangulia nchi hiyo ilizoea maombi elfu chache tu. Vituo vya kupokelea wageni vilifunguliwa hata katika miji midogo, na watu wengi walikaa humo wakisubiri majibu bila kujua kama wataruhusiwa kubaki. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa Ufini au atarudishwa Baghdad hana utulivu wa kukaa chini akariri maumbo ya vitenzi vya Kifini, na sidhani kama wewe au mimi tungekuwa nao.

Sasa tuje kwenye dalili ulizozieleza, yaani kufaulu katika daftari na kukwama dukani. Mumeo amefundishwa Kifini kimoja, kisha akatoka nje akakutana na kingine. Wafini wana lugha ya vitabuni, waiitayo “kirjakieli”, na lugha ya mazungumzo, “puhekieli”, na kozi nyingi huanza na ile ya kwanza. Kitabu humfundisha aseme “minä olen”, yaani mimi ni, lakini jirani yake husema “mä oon”. Kitabu husema “me menemme”, sisi tunakwenda, na mtaani husikika “me mennään”. Hamsini na tano ni “viisikymmentäviisi” katika daftari, ila mwenye duka hutamka “viiskytviis” huku ameshanyoosha mkono kupokea pesa. Akimuuliza kama kuna kingine, swali ambalo kitabuni huandikwa “tuleeko muuta”, mumeo atalisikia kama “tuleeks muuta”. Na swali la risiti, “haluatko kuitin”, huenda likamfikia kama “haluutsä kuitin”. Wakati bado anapekua kichwani mwake akilitafuta hilo “haluutsä”, foleni nyuma yake imeshaanza kuguna.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba Mwarabu ameandaliwa kwa hali hii kuliko wanafunzi wengi wa Kifini, na ni nadra kusikia mwalimu akimwambia hivyo. Mumeo amelelewa ndani ya lugha mbili zenye jina moja. Nyumbani kwao Baghdad “unataka nini” ni “shtrid”. Damasko wangemwambia “shu biddak”. Shuleni alisoma “madha turid”. Tangu utotoni amekuwa akihama kutoka ammiya, Kiarabu cha mazungumzo, kwenda fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, na kurudi bila kujihesabu kuwa ni hodari wa lugha, na umbali ulio kati ya hizo mbili ni mkubwa kuliko umbali ulio kati ya Kifini cha kitabuni na cha mazungumzo. Lakini kwa kuwa hakuambiwa kwamba Kifini nacho kina tabaka mbili, hudhani masikio yake ndiyo mabovu, au kwamba Wafini wa mtaani wanakosea lugha yao wenyewe. Mwambie hivi: “Kitabu chako ni fus-ha. Dukani wanasema ammiya yao.” Ataelewa mara moja, na huenda akacheka.

Baada ya hapo afanye kazi kwa vitendo. Achukue daftari jipya, ukurasa wa kushoto aandike sentensi kama ilivyo kitabuni, na wa kulia aiandike kama alivyoisikia kwa masikio yake. Asianze na mada kubwa. Aanze na maneno ya dukani, ya simu ya shule, ya kuomba miadi kwa daktari, kwa sababu hayo hujirudia karibu neno kwa neno kila mara. Maktaba nyingi za Ufini huendesha vikao vya mazungumzo viitwavyo “kielikahvila”, yaani mkahawa wa lugha, ambako mtu huketi na wenyeji bila ada na bila mtihani. Shirika la utangazaji la taifa, Yle, nalo hutoa habari kwa Kifini chepesi zinazosomwa polepole. Habari hizo ni nzuri kwa kulizoesha sikio, lakini husomwa kwa lugha ya kitabuni, kwa hiyo peke yake hazitamwokoa kwenye kaunta ya duka.

Lipo tatizo lingine ambalo wageni wengi hulilalamikia: Mfini akiona mgeni anasitasita, kwa ukarimu wake huhamia Kiingereza. Mumeo na asione haya kumrudisha kwa kusema “puhutaan suomea”, tuzungumze Kifini. Nawe dada yangu, niwie radhi kwa hili, simu ya shule usiipokee tena kwa niaba yake. Kaa karibu naye, lakini mwache aseme mwenyewe “voisitteko puhua hitaammin”, yaani mnaweza kusema polepole zaidi. Wanaopiga simu hizo wamezoea wazazi wageni na hawatakata simu.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Kivu, nililetwa Ufini kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, na sasa ninasoma Kifini mjini Lahti. Darasani tuko pamoja na Wasyria na Wairaki. Nimeona jambo la ajabu: wao hutofautisha vizuri maneno yenye sauti fupi na ndefu, ambayo sisi tunaosema Kiswahili huyachanganya, lakini husema “bussi” wanapotaka kusema “pussi”, na huliacha lile neno “olen” katika sentensi. Na sote kwa pamoja tunalia na miishio ya maneno. Sababu ni nini?
Mwanafunzi, Lahti

JIBU: Ndugu yangu, una sikio la mwalimu. Kifini hutofautisha maana kwa urefu wa sauti, iwe ni irabu au konsonanti. “Tuli” ni moto, “tuuli” ni upepo, na “tulli” ni forodha. Kiarabu kina mpangilio wa namna hiyo hiyo: “kataba” ni aliandika, “kattaba” ni aliandikisha, na “kaataba” ni aliandikiana na mtu. Yeyote aliyepita madrasa na kusoma tajwidi anajua uzito wa shadda, yaani kukaza konsonanti, na madda, yaani kurefusha irabu, na anajua kwamba mwalimu hamsamehe anayerefusha pasipotakiwa. Msyria huja darasani na mizani hiyo tayari masikioni. Sisi Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukishaweka mkazo tunaivuta silabi yenyewe, wakati Mfini huweka mkazo mwanzo wa neno na hurefusha pale tu panapoandikwa herufi mbili. Kwa hiyo usipojichunga utarefusha mahali ambapo Mfini husikia neno jingine kabisa. Mfano ambao walimu wa Kifini hawauchoki ni huu: “tapaan sinut huomenna” maana yake nitakutana nawe kesho, na “tapan sinut huomenna” maana yake nitakuua kesho.

Kuhusu “pussi”, ambao ni mfuko, na “bussi”, ambayo ni basi, Kiarabu sanifu hakina sauti ya p. Wairaki wanayo katika baadhi ya maneno waliyoyapata kutoka Kiajemi na Kituruki, kwa hiyo ukisikiliza vizuri huenda ukawaona wakihangaika kidogo kuliko Wasyria. Lakini kosa hili lisiwasumbue sana wenzako. Katika Kifini sauti ya b huja na maneno ya kigeni tu, na wapo Wafini wengi, hasa wazee, ambao wao wenyewe huita basi “pussi”. Hakuna mwenye duka atakayemletea mteja basi.

Irabu ndizo zinazostahili jasho. Kifini kina irabu nane, na kila moja huweza kuwa fupi au ndefu, ilhali Kiarabu sanifu kina tatu fupi na tatu ndefu. Sauti zinazoandikwa “y” na “ö” ni ngeni kabisa kwa Mwarabu, nasi vilevile. Tofauti ya “a” na “ä” ni habari nyingine, na hapa nataka wenzako wasikilize kwa makini. Mwarabu anazitamka zote mbili kila siku bila kujua. Mwombe Msyria aseme “taaba”, alitubu, kwa te nyepesi, kisha aseme “taaba”, ilipendeza, kwa ile twaa nzito. Irabu ya neno la kwanza huelekea “ä” ya Kifini, na ya neno la pili huelekea “a”. Katika Kiarabu tofauti hiyo hufuata konsonanti, ndiyo maana msemaji haihesabu kuwa ni tofauti ya irabu. Akishaonyeshwa kwamba kinywa chake kinazijua zote mbili, kilichobaki ni kuzitenganisha na hizo konsonanti. Ni kazi ya mazoezi, wala si ya kuanza na sifuri.

Kuachwa kwa “olen” kunatoka moja kwa moja katika Kiarabu, ambako “mimi ni mwanafunzi” ni “ana talib”, maneno mawili tu bila kitenzi katikati. Kosa hili huonekana mwanzoni, na kwa wengi huisha lenyewe kadiri wanavyosoma na kusikia.

Miishio sasa. Nomino ya Kifini ina maumbo 15, na idadi hiyo hutangazwa sana kuliko inavyostahili, kwa sababu baadhi ya maumbo hayo hayatumiki mara kwa mara. Uchungu uko kwenye yale sita ya mahali. Sisi tukisema “nyumbani” tumemaliza: niko nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani, na kitenzi ndicho kinachoeleza mwendo. Mwarabu hutumia “fi”, “min” na “ila”, maneno matatu yanayotangulia nomino. Mfini huyabandika mwishoni: “talossa” ni ndani ya nyumba, “talosta” ni kutoka ndani ya nyumba, na “taloon” ni kuingia nyumbani. Kwa vitu vya juu kuna seti nyingine, “pöydällä”, “pöydältä”, “pöydälle”, yaani juu ya meza, kutoka juu ya meza, na kwenda juu ya meza. Kama hilo lingekuwa peke yake, Mwarabu angelimeza upesi, kwa kuwa ni “fi”, “min” na “ila” zilizohamishwa nyuma. Tatizo ni kwamba shina nalo hubadilika. Wewe mwenyewe unaishi Lahti, na ukitaka kusema “mjini Lahti” ni lazima useme “Lahdessa”. Helsinki huwa “Helsingissä”, Turku huwa “Turussa”, na Tampere, kwa sababu ambazo hata Mfini hawezi kuzieleza vizuri, huchukua seti ya vitu vya juu ikawa “Tampereella”. Ushauri wangu ni kwamba majina ya miji na maneno ya kila siku msiyapitishe kwenye kanuni kila mnapotaka kuyatumia. Yakaririni yakiwa na umbo lake tayari, kama mtoto wa Kifini anavyofanya, na kanuni ije baadaye kueleza kile ambacho ulimi umekwisha kukizoea.

SWALI: Mheshimiwa, naandika kutoka Maskati. Mimi ni Mwomani mzaliwa wa Zanzibar. Mwanangu anafanya kazi Helsinki na anafikiria kubaki huko. Amesoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu vizuri sana tangu utoto. Je, elimu hiyo itamfaa katika Kifini, na je, ni kweli kwamba uraia unahitaji mtihani wa lugha?
Baba, Maskati

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Elimu ya nahau itamfaa kuliko anavyodhani. Kukanusha kwa Kifini huwatatiza wanafunzi wengi kwa sababu neno la kukanusha lenyewe hufuata nafsi: “en”, “et”, “ei”, “emme”. Aliyesoma nahau anaijua “laysa”, neno la kukanusha, na maumbo yake, “lastu”, “lasta”, “lasna”, na hatashangaa hata kidogo. Umiliki pia, ambao katika Kifini cha kitabuni unaweza kubandikwa mwishoni mwa neno, “kirjani” kwa kitabu changu, ni sawa na “kitabi”. Hata “nina kitabu”, ambayo Mfini huieleza kwa kusema “minulla on kirja”, yaani kwangu kipo kitabu, imefuata njia ile ile ya “indi kitab”. Halafu kuna vitenzi vinavyodai umbo maalumu la nomino inayofuata: kitenzi cha kupenda, “tykätä”, hutaka umbo la “kutoka”, kwa hiyo anayependa kahawa husema “tykkään kahvista”. Mwanafunzi mwingine atauliza kwa nini upendo utoke kwenye kahawa. Mwanao anajua kwamba “raghiba fi” ni kulitaka jambo na “raghiba an” ni kulikataa, kwa hiyo amekwisha zoea vitenzi vinavyochagua wenzao.

Mtihani ni kweli. Mwombaji wa uraia hutakiwa kuthibitisha ujuzi wa Kifini au Kiswidi, kwa kuwa zote mbili ni lugha za taifa, na njia inayotumiwa na wengi ni mtihani wa kitaifa ujulikanao kwa kifupi kama YKI. Una ngazi sita, na inayotakiwa ni ya 3. Kuna sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si lazima kufikia ngazi hiyo katika zote nne. Hukubaliwa kuzungumza pamoja na kuandika, au kusikiliza pamoja na kuandika, au kusoma pamoja na kuzungumza. Mtu ambaye kalamu yake ya Kifini ni nzito anaweza kujitayarisha zaidi kwa jozi hiyo ya mwisho. Sehemu ya kuzungumza hufanywa mbele ya kinasa sauti, mtu amevaa vipokea sauti masikioni, akijibu sauti isiyomsikia katika muda uliopimwa. Kwa Mwarabu, na kwa Mswahili pia, aliyezoea kuulizia kwanza afya, watoto na wazee kabla ya kulifikia jambo, namna hiyo ya mazungumzo ni ngumu kuliko sarufi yenyewe, na inafaa aifanyie mazoezi nyumbani kwa simu na saa. Nafasi za mtihani hujaa upesi, basi ajiandikishe mapema. Mwisho, tangu Oktoba 2024 muda wa kawaida wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia umepandishwa kutoka miaka 5 hadi 8, kwa hiyo muda wa kujifunza anao.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mtanzania, mhudumu wa wazee mjini Turku. Jirani yangu ni mama wa Kisyria wa makamo ambaye hajawahi kusoma hata Kiarabu. Alipelekwa kozi akakaa siku chache na wahandisi na walimu, akarudi nyumbani akisema hatakanyaga tena. Nimsaidieje?
Jirani Mwema, Turku

JIBU: Dada yangu, huyo mama aliwekwa darasa lisilo lake. Wasiojua kusoma na kuandika wana mafunzo yao, yaitwayo “lukutaitokoulutus”, na hilo ndilo neno la kuuliza katika ofisi ya manispaa, kwa kuwa tangu Januari 2025 manispaa ndizo zenye jukumu kuu la kuwapokea na kuwaelekeza wahamiaji. Anaweza kuomba mkalimani wa Kiarabu kwa mazungumzo hayo. Mwanawe asimtafsirie, hata kama anajua Kifini vizuri, kwa sababu mama hatasema mbele ya mtoto kwamba hajui kushika kalamu.

Akishapata darasa linalomfaa, atakuwa na bahati moja asiyoipata anayejifunza kusoma kwa Kiingereza: Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa, kila herufi na sauti yake, kama Kiswahili. Wewe ulijifunza ba, be, bi, bo, bu, na njia hiyo hiyo inafaa kwake. Itachukua muda mrefu, kwa sababu anajifunza mambo mawili kwa pamoja, kusoma na lugha ngeni, tena kwa mwandiko unaotoka kushoto kwenda kulia. Wakati anasubiri darasa, usimpelekee kitabu. Nenda naye sokoni, mtaje vitu kwa sauti, nyanya ni “tomaatti”, kitunguu ni “sipuli”, mkate ni “leipä”, naye amuulize muuzaji bei mwenyewe: “mitä tämä maksaa?” Majibu ya namba yatamshinda mara za kwanza, hivyo mfundishe pia kusema “anteeksi, vielä kerran”, samahani, rudia tena.